Jioni Juu ya Jiwe la Kanisa

Nasike amesoma mita za maji pande za Kamukuywa tangu tujuane. Mbwa wa huko wanamjua, hata wale wakali humwachia njia. Lakini siku ya kikao alikaa ofisini Bungoma ameinamisha kichwa kama mwizi, na mimi Ivy, msoma mita mwenzake, nilikuwa nachemka.

Ofisi ilikuwa imetupa tableti. Mkataba wa mtandao ulipewa kampuni moja, na hukuruhusiwa kuweka laini nyingine. Mimi nilisoma za mjini, nikaponea. Kule bondeni kwa Nasike mtandao huo haukuwepo kabisa. Ulishika mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya kanisa la Friends. Kwa hivyo alizunguka nyumba kwa nyumba mchana kutwa, kisha jioni akapanda jiwe kutuma kazi yote ya siku. Hakuna aliyetuambia kwamba tableti huandika mahali unapotuma kazi, si pale mita ilipo.

"Angalieni wenyewe," alisema Fridah, mwenyekiti wa kikao, akionyesha ramani ukutani. Nyumba zote za Nasike zilikuwa zimerundikana kanisani. "Huyu ati anasoma mita za kijiji kizima akiwa amekaa pahali pamoja. Si hizi ni namba za kupika?"

Ukipika namba unafutwa kazi. Nasike analea watoto peke yake tangu mumewe afariki, na mshahara huo ndio kila kitu.

"Huko chini hakuna netiwaki," alisema Nasike.

"Ripoti inasema iko, tena ya nguvu. Mzee Barasa ndiye alipima kabla tupeane mkataba."

Barasa, msimamizi wetu, alikuwa ameketi pale pale mezani. Kando yake alikuwa Gathii, mtu wa kampuni ya mtandao, amekuja kuomba mkataba uongezwe. Barasa alikohoa, akasema ripoti yake ni ya kweli.

Nilitaka kupiga meza! Nasike alikuwa ameshanisimulia kwamba Barasa alipima siku ya harambee ya kanisa, akiwa na sahani ya kuku juu ya jiwe lile lile, wala hakuteremka bondeni. Nasike mwenyewe ndiye aliyempelekea chai. Basi aseme! Lakini Barasa ni ndugu wa baba ya marehemu mumewe, na kwa Wabukusu huyo ni mkwe kamili. Mkaza mwana hamkosoi mkwe mbele ya watu. Hata kiti chake Nasike alikuwa amekisogeza mbali naye. Mimi niliyelelewa mjini Kitale mambo hayo hunipita, na siku hiyo yaliniudhi kabisa. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakutikisika.

"Uko na kitu ya kusema ama tuandike?" aliuliza Fridah, kalamu tayari juu ya karatasi.

Nilifungua mdomo niseme mimi. Nasike akanishika mkono, akaubana hadi nikaumia. Kisha, macho yakiwa sakafuni, akaongea kwa sauti ya heshima anayotumia nyumbani kwa wakwe.

"Baba, ile siku ya harambee nilikuletea chai ukipima netiwaki. Nilikukuta wapi?"

Barasa angeweza kusema amesahau, na nani angembishia? Alivua kofia, akaizungusha mikononi. Alimtazama Gathii, akaitazama ramani. Nilimchukia mzee yule kwa kila mzunguko wa kofia ile.

"Kwa jiwe la kanisa, mama," akasema mwishowe. "Ulinikuta kwa jiwe. Huko chini sikufika."

Fridah akaitazama tena ramani, nyumba zote zikiwa pale pale kanisani, akaweka kalamu chini bila kuandika. Gathii akaanza kukusanya karatasi zake. Nasike alikuwa analia bila sauti, na hakuinua uso mpaka mzee alipotoka nje.