Mkuu wa Stesheni na Sanduku la Askari

Baba yangu alikuwa mkuu wa stesheni, na tangu nipate akili sikumbuki siku aliyokaa kula bila kutazama saa yake mara tatu. Nitamsema kama alivyokuwa. Wengine wamekwisha kumsifu vya kutosha, na cheti cha sifa walichompa ninacho kabatini, kimeanza kuliwa na mende.

Stesheni yetu ilikuwa na vyumba vitatu: ofisi yake, chumba cha abiria, na kijichumba cha tiketi ambacho kilikuwa changu. Nilipotimiza miaka kumi na tisa aliniombea kazi hapo, mimi mwenyewe sikuulizwa. Kati ya kijichumba changu na ofisi yake palikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo, la kupitishia karatasi. Kila kilichosemwa ofisini nilikisikia, hata nilichotamani nisikisikie.

Mezani kwake kulikuwa na simu ya waya. Si ile ya kusemea. Ni kile chombo cha kugonga kwa kidole, kifupi na kirefu, kifupi na kirefu, mpaka maneno yafike stesheni ya pili. Treni haikuruhusiwa kuondoka kwetu mpaka mwenzake wa stesheni ya mtoni, ng'ambo ya daraja, agonge kwamba njia i wazi. Wawili hao walikuwa hawajaonana hata mara moja. Miaka kumi na moja waligongeana tu, na baba alikula yamini kwamba anamjua yule bwana kuliko anavyowajua ndugu zake wa tumbo moja. Alisema kila mgongaji ana mkono wake, kama vile kila mtu ana mwandiko wake. Alijua siku mwenzake alipogombana na mkewe. Alijua siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa kabla hajaambiwa.

"Mke mwenzangu hajambo?" mama alikuwa akimuuliza akirudi nyumbani. "Leo kakugongea nini kitamu?"

"Mama watoto, hebu niache nivue viatu kwanza."

Mama alikuwa mtu wa mzaha, na baba alikuwa mtu wa kanuni, na sijui walipataje kuelewana. Lakini walielewana. Hilo nalisema nikiwa na hasira zangu zote.

Vita ilipotukaribia, jeshi lilileta askari kumi kulinda stesheni. Mmoja wao alikuwa koplo, mtu mzima mwenye upara na maneno machache, aliyebeba sanduku la kijani mgongoni. Ilikuwa redio ya kusemea na kusikilizia, isiyo na waya wowote. Siku hizi hata mtoto wa kunyonya haimshangazi. Wakati ule zilikuwa zimebuniwa juzijuzi, kwa ajili ya vita hiyohiyo, na watu walikuja kulitazama lile sanduku huku wamesimama mbali, kana kwamba linauma.

Koplo alimwonyesha baba kwa heshima zote. Alimvalisha kisikilizio, akazungusha vitufe. Baba alisikiliza huku amekunja uso.

"Nasikia mafuta yanakaanga," alisema.

"Subiri kidogo, mzee wangu. Haya, sasa hivi?"

"Kuna mtu anasema. Ni nani?"

"Ni makao makuu, mzee."

"Umejuaje?"

"Si amesema mwenyewe?"

"Hata mimi naweza kusema mimi ni mfalme," baba akajibu, akavua kisikilizio na kulipangusa sikio lake kwa leso. Askari wote walicheka. Tangu siku hiyo kila alipompita koplo alimuuliza kama leo kakaanga samaki au viazi.

Nisimwonee baba. Wiki iliyofuata lile sanduku lilisema ndege za adui zinakuja. Tulilala kwenye mtaro, abiria na kuku wao, saa nne nzima, jua likituchoma migongo, na hakuna hata mwewe aliyepita. Treni ilichelewa. Makao ya reli yalimwandikia baba barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na sita ya kazi. Aliisoma amesimama. Hakumtukana koplo, ila aliacha kumtania, na kwa mtu kama baba hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Basi ikaja Jumatano. Mama alikuwa anakwenda kwa dada yake ng'ambo ya mto, aliyekuwa amejifungua pacha. Nilimwandikia tiketi mwenyewe. Alichagua behewa la pili, dirisha lililoelekea ofisini, ili apate kumchokoza baba mpaka dakika ya mwisho.

Simu ya waya ikaanza kugonga. Mimi sikuwa mjuzi, lakini masikio yalikwisha kuzoea, na nilisikia kwamba leo si kama siku zote. Iligonga polepole, ikasimama, ikarudia, ikakosea. Baba akacheka peke yake.

"Ana homa tena huyu," alisema. "Anagonga kama mtoto wa darasa la kwanza."

Akaandika kitabuni kwamba njia i wazi. Akachukua bendera ya kijani.

Hapo koplo akaingia mbio, kisikilizio kinaning'inia shingoni. "Mzee, usiitoe treni! Daraja limetegwa baruti. Adui wameshika stesheni ya mtoni tangu alfajiri."

"Nani kasema?"

"Nimepokea kwenye redio."

"Redio ndiyo nani?"

Nilicheka. Naandika hili kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kuliandika. Nilicheka kwa sauti, kwenye kile kidirisha, na koplo akageuka kunitazama. Sijawahi kuona mtu mzima ameaibika vile.

"Mzee wangu, nakuomba. Gonga tena uulize."

Baba aligonga. Jibu likaja, polepole vilevile, kwa makosa yaleyale: njia i wazi.

"Umesikia? Huyu ni mtu," baba akasema. "Namjua. Wewe unaniletea sauti isiyo na mwenyewe."

"Nipe dakika kumi tu nithibitishe."

"Wiki ile ulichukua saa nne."

Koplo hakuwa na amri juu ya treni. Amri yake ilikuwa kulinda majengo. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nje mama alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Baba watoto! Utatuweka hapa mpaka na sisi tuzae pacha?" Watu wa behewa zima wakaangua kicheko. Baba naye akatabasamu, akatoka jukwaani akainua bendera.

Treni iliondoka kwa wakati wake, bila kuzidi hata dakika moja.

Habari zilitufikia mchana, na zilipitia kwenye lile sanduku. Koplo alikuja akasimama mbele ya meza ya baba, kofia mkononi. Alisema daraja limeanguka na kichwa cha treni na mabehewa mawili ya mbele. Baba hakuinua macho kitabuni.

"Umethibitisha?" akamuuliza.

"Mzee..."

"Nimekuuliza, umethibitisha?"

Alikaa hapo akigonga simu ya waya. Hakuna aliyejibu. Aligonga mpaka alasiri, watu wa reli walipofika kwa toroli ya mkono, nguo zimelowa maji ya mto. Mmoja wao aliniita nje, akanipa kanga ya mama ambayo nilikuwa nimeifua mwenyewe Jumatatu.

Wakati wa uchunguzi walikuja mabwana watatu, wakapanga meza kwenye chumba cha abiria. Walimuuliza baba kama ule ujumbe wa waya ulikuwa na dosari yoyote.

"Hapana," baba akasema. "Mkono ulikuwa uleule."

Wakaniita mimi. Je, nilisikia lolote lisilo la kawaida? Baba alikuwa amekaa kwenye benchi, mgongo wima, vifungo vyote vimefungwa. Sikumtazama. Nilisema sikusikia kitu. Sijui kama nilimtetea yeye au nilijitetea mimi na kicheko changu. Wakaandika kwamba mkuu wa stesheni alifuata kanuni zote, na miezi miwili baadaye cheti kikaja, chenye muhuri. Koplo hawakumwita kabisa. Kikosi chake kilikwisha kuhamishwa.

Wakaja watu kutupa mkono wa pole, na kila mmoja alisema baba hana hatia. Walisema hivyo mbele ya sufuria za mama. Ningependa angalau mmoja amtukane.

Mwaka uliofuata, vita ilipotulia, mtu mmoja mwembamba aliteremka kwenye treni ya asubuhi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekatwa vidole viwili. Alisimama kwenye mlango wa ofisi akimtazama baba kwa muda mrefu, na baba akadhani ni abiria.

"Tiketi ni dirisha la pili, bwana."

"Sikuja kwa tiketi," mgeni akasema. "Mimi ni wa stesheni ya mtoni."

Baba alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Alitaka kumkumbatia. Yule bwana alirudi nyuma hatua moja.

"Walinishikia bunduki kisogoni," alisema. "Mmoja wao alijua kusoma waya, kwa hiyo maneno sikuweza kuyabadilisha. Nikasema moyoni, mwenzangu ananijua. Nikagonga vibaya. Nikakosea mpaka yule adui akanicheka. Ulipouliza mara ya pili nilishukuru Mungu, nikasema ameshaelewa, nikakosea zaidi. Kwa makosa hayohayo wakaja kunikata hivi vidole. Miaka kumi na moja, ndugu yangu. Hukunijua?"

Baba alijibu kwa sauti ndogo sana. "Nilidhani una homa."

Yule bwana alitikisa kichwa, akatoka. Alikwenda kukaa jukwaani kwenye jua, akingoja treni ya kurudi saa tatu nzima, na baba hakutoka kumwendea. Mimi nilimpelekea maji. Alikunywa, akanishukuru, akaniuliza mama yangu aliketi behewa la ngapi. Nilipomwambia alifunika uso.

Muda si mrefu reli nayo ikaachana na waya. Zikaletwa redio, ndogo kuliko lile sanduku la koplo, na wakuu wote wa stesheni wakaitwa mjini kujifunza. Nilidhani baba ataomba kustaafu. Alikwenda, na sare yake ya kazi nikaipiga pasi mwenyewe. Nilimhesabia mwezi mzima, maana simu ya waya aliniambia ilimchukua mwaka na nusu kuimudu.

Alirudi siku ya nne. Aliingia nyumbani, akakaa mezani bila kuvua kofia wala viatu. Nilikuwa napakua.

"Mbona mapema hivi?" nikamuuliza. "Wamekurudisha?"

"Nimemaliza."

"Siku tatu?"

"Siku tatu, mwanangu. Wengine walimaliza kwa mbili." Alitazama mikono yake. "Ni rahisi mno. Unabonyeza, unasema, unaachia, unasikiliza. Sauti inakuja safi kabisa. Ukiwa na shaka, unamuuliza mtu swali analolijua yeye tu, anakujibu palepale. Halichukui hata dakika moja."

Nilimwekea sahani yake mbele yake. Yangu nikaichukua, nikaenda kulia chakula jikoni, na tangu siku hiyo mpaka siku nilipomzika hatukuwahi tena kula meza moja.