Boti Isiyobeba Damu

Juzi nilipita mahali wanapotengeneza mashua huko Malindi, na upepo ukaniletea harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilisimama nikaivuta mpaka kifua kikajaa. Kwangu hiyo ni harufu ya mwaka ule mama yangu alipolipiza kisasi, na sioni haya kuwaambieni kwamba mpaka leo inanifurahisha.

Tulikaa kijiji kimoja chini kidogo ya Garsen. Baba alikuwa Mpokomo wa Ndera aliyeshuka na mto kutafuta shamba. Mama alikuwa mtu wa Kipini, binti wa fundi wa mashua. Babu alipomwoza alimpa boti ya mbao yenye injini, akisema mwanamke anayeolewa mbali apewe na njia ya kurudi kwao. Injini ilipokufa, Baba aliipandisha boti ukingoni akaiweka kivulini nyuma ya nyumba, kama watu wa mtoni wanavyoweka mtumbwi. Lakini mtumbwi ni mti mmoja, na boti ni mbao nyingi. Miaka sita ya ukavu iliziachanisha mpaka ukaweza kupitisha kidole katikati yake, na kuku wetu wakahamia humo.

Nilikuwa na miaka minane mvua za Elinino ziliponyesha. Tana uliacha njia yake ukaingia mashambani, barabara ikamezwa, na kijiji kizima kikabaki na boti moja tu ya injini, ya jirani yetu Buya. Alikuwa mtu wa kutembea kifua mbele, mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua hata mvua ikinyesha. Baba na yeye walikuwa wakiitana ndugu.

Uchungu ulimshika Mama kabla ya siku zake, na damu ikaanza kutoka. Wanaume walimbeba kwa kitanda mpaka majini, alipokuwa Buya akipakia mchele wa tajiri mmoja kuupeleka Garsen. Nilisimama kando ya kitanda nimeshika pindo la leso ya Mama. Buya alimtazama yeye, akayatazama magunia.

"Boti haibebi damu, mama," akasema. "Ni mkosi. Mzigo ya watu itaharibika."

Hakuna aliyekuwa amewahi kuusikia mwiko huo. Mtoni kwetu wanawake wenye uchungu wamebebwa kwa mitumbwi tangu dunia iumbwe. Lakini kabla watu hawajamaliza kutazamana, Buya alishawasha injini na kuondoka. Baba alimpeleka Mama kwa mtumbwi, akisukuma upondo kuupanda mkondo toka asubuhi hadi alasiri. Mtoto, wa kiume, alizaliwa njiani na kufa njiani. Walimzika Garsen, mahali palipokuwa bado pakavu.

Mama alikaa arobaini yake ndani bila kulia, jambo lililowatisha wanawake waliokuja kumpa pole. Siku ya arobaini na moja alitoka, akajifunga kanga kiunoni, akawafukuza kuku botini. Baba alimfuata nyuma akimwambia kwamba hasira hasara, na kwamba heri tumwachie Mungu.

"Ya Mungu nimemwachia Mungu," Mama akajibu. "La Buya ni langu."

Aliagiza pamba, sifa na patasi kutoka kwao Kipini. Vilipofika, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuiburuta boti hadi maji mafupi na kuizamisha. Kijiji kizima kilikuja kutazama mwanamke anayezamisha chombo anachotaka kukiokoa. Buya alicheka mpaka akapenyeza kidole chini ya ile miwani apanguse machozi, na jioni pale hotelini akawaambia wanywaji chai kwamba Mama Hadija anafundisha boti kuogelea. Habari zilimfikia Mama. Alisema tu aliye juu mngoje chini, akaendelea kupepeta unga.

Siku tano boti ilikunywa maji. Tulipoyachota maji na kuitoa, zile nafasi zilizopitisha kidole changu zilipitisha ukucha tu. Ndipo Mama akanikalisha na kunifundisha kalafati, kazi ya kuziba nafasi za mbao, kama alivyofundishwa na babu.

"Mbao kavu usiishindilie, mwanangu," aliniambia. "Ikinywa itavimba, na ikikosa pa kuvimbia itang'oa misumari yake yenyewe."

Tulisokota pamba, tukaichovya kwenye sifa, tukaizamisha kati ya mbao kwa patasi na nyundo ya mti. Mimi nilipewa upande wa omo, kule mbele boti inakochongoka, kwa sababu mikono yangu ilikuwa midogo. Kila pigo nililitajia jina, pigo moja Bu, la pili ya. Nguo zetu zilinuka hata majirani wakawa wanatusalimu kwa mbali. Na Baba, yule wa kumwachia Mungu, asubuhi moja nilimkuta akisugua kabureta kwa mswaki wangu na petroli. Alibadilisha plagi, akavuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku ya tatu injini ilikohoa, ikawaka.

Tukaanza kubeba watu. Mama hakukataa mtu: wajawazito, wagonjwa, hata mchungaji wa Kiorma na ndama wake wawili waliochafua kila mahali. Abiria wakamhama Buya mmoja mmoja, akabaki na magunia. Baba aliona hicho ni kisasi tosha. Mama hakuona hivyo, na mimi nilikuwa upande wa Mama.

Maji yalipopungua, Buya aliipandisha boti yake juani aipake rangi. Jua la mwezi wa tatu halina huruma, na mbao zikaachana. Siku moja tukipita na ndoo zetu tulimkuta anazijaza nafasi kwa matambara na lami, akiyagongelea kwa nguvu zake zote, vile watu wetu wanavyoziba ufa wa mtumbwi. Mama alisimama akatazama. Nilifungua mdomo, maana nilijua. Kisha nikaufunga mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

"Kazi nzuri, shemeji," Mama akasema. Buya akamshukuru.

Mvua ziliporudi, aliishusha boti mtoni, na siku nzima haikuingiza hata tone. Aliwaita watu waguse sakafu yake waone ilivyo kavu. Asubuhi ya pili alipakia sukari na unga pale Garsen, yeye na wapagazi wawili, akashuka na mkondo. Mama na mimi tulikuwa hapohapo Garsen; siku hiyo aliwarudisha abiria wetu, akasema injini ina homa. Kisha akaiwasha akamfuata Buya kwa mbali, mimi nikiwa omoni. Nilidhani tunakwenda kumtazama akifa, na nilijiweka nione vizuri.

Tulisikia mshindo kama wa mlango unaovunjwa. Ubao mzima ulitoka na misumari yake, na boti ikalala ubavu. Magunia yalitangulia, na nadhani wiki ile mamba wa Tana walikunywa chai tamu. Mama aliwavuta wapagazi haraka. Buya alikuwa ameng'ang'ania jerikeni, miwani imekwenda, na kwa mara ya kwanza niliyaona macho yake. Mama alipunguza moto wa injini, akaiweka boti mahali ambapo mkono wa Buya haungefika.

"Chombo hichi kina damu leo, shemeji," akasema. "Niko kwenye siku zangu. Utapanda?"

Mimi sikujua siku zake ni zipi. Wapagazi walijua, wakainamisha nyuso. Buya aligeuka akayatazama maji nyuma yake, akasema atapanda. Mama akamwambia hakumsikia, injini ina kelele.

"Nitapanda boti ya damu," Buya akasema.

Ndipo Mama akamsogezea kasia alishike. Wapagazi waliyasimulia maneno hayo hotelini jioni hiyohiyo, na yalikuwa yakisimuliwa bado Buya alipofunga virago na kuhamia Kinakomba kwa wakwe zake.

Miaka mingi ilipita. Nilikuwa na mimba yangu ya pili, nahesabu miezi kwa vidole, nilipokumbuka kwamba mdogo wangu Bakari alizaliwa miezi saba baada ya siku ile, mtoto mnene aliyetimia. Basi hapakuwa na damu yoyote botini. Mama alikuwa mjamzito, na mwenyewe alijua. Mtu aliyemwacha mjamzito ukingoni alibebwa na mjamzito mpaka nyumbani, na hakujua.

Nilimwendea Mama nikamwuliza kwa nini alidanganya. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua uso, akaniuliza kwani Buya naye aliambiwa na boti yake kwamba haibebi damu. Nikamwuliza basi, kwa chuki yote ile, kwa nini hakumwacha mtoni.

"Maiti hakumbuki kitu, mwanangu," akasema.