Friji Lililoinama Pale Makere

Wenye makosa walikuwa wawili, dereva na fundi umeme, na sitawafunika.

Nilikuwa kibarua wa karavani ya chanjo, nyumba ya magurudumu iliyovutwa na gari kutoka Kasulu. Nilifagia, niliteka maji. Shule niliachia darasa la pili. Nilipokuwa mtu mzima tukaikimbia Burundi, na njiani surua ikanichukulia mwanangu wa kwanza. Siku ninayoisimulia, wa pili, binti, alikuwa achomwe sindano ya surua kesho yake hapo Makere.

Jua la Septemba lilikuwa kali hata huku milimani. Asubuhi hiyo kipimajoto cha friji la chanjo kilikuwa kimekaribia mstari mwekundu.

"Kikivuka, namwaga dawa zote," daktari wa karavani alisema.

Fundi akaingia kwenye fyuzi. Alibadilisha moja, akabadilisha nyingine, akatangaza betri imekufa. Ni kweli ilikufa, dereva aliimaliza kwa kusikiliza mpira redioni. Lakini karavani ikisimama, friji lile liliendeshwa na moto wa mafuta ya taa. Betri ilikuwa ya njiani tu.

"Bwana daktari, friji limeinama upande, na friji la moto lisipokaa sawa halipoozi," nikasema.

Dereva akacheka. "Msikilizeni mpika pombe. Mkimbizi we, kafagie."

Ndiyo, nimezaliwa kwa mpika pombe. Kwetu juisi ya ndizi hukaa kwenye mvure, mtumbwi wa mti, na mama alinifundisha kuutegea vijiwe mpaka juisi ilale sawa kila upande. Nikaweka beseni la maji sakafuni. Maji yote yakakimbilia kona moja. Dereva alikuwa ameegesha kwenye mteremko ili apate kivuli.

Daktari akatazama beseni, akanipa jembe. Nikachimba chini ya gurudumu la juu, nikategea vijiwe kama kwenye mvure. Nyuma ya friji nikakuta gunia. Dereva alikuwa ameziba nalo tundu za hewa kuzuia vumbi, joto likakosa pa kutokea. Nikaling'oa. Moto, uliokuwa wa njano na moshi, ukawa wa bluu.

Mchana kutwa nilikaa mbele ya kile kipimajoto. Hakikuvuka. Jioni kilianza kushuka.

"Fyuzi zangu hizo," fundi akamwambia daktari.

Asubuhi iliyofuata daktari alinipa kichupa cha chanjo nikishike kabla hajavuta dawa. Kilikuwa baridi, kinatoa jasho mkononi. Binti yangu alikuwa wa nne kwenye foleni. Alilia, nami nilicheka.