Saa Niliyoiongeza Juu ya Ingine

Ninyi vijana munaosoma hii, chekeni kwanza mumalize. Mimi koko yenu, nyanya yenu mwenye kufokea kila muntu anayechelewa, niliaibika mbele ya Kindu muzima.

Wakati wa vita mudogo wangu Zawadi alibaki Kinshasa, na sauti zetu zilipitia kwa fonie tu, ile redio ya kuongea ya parokia. Siku moja watu wa parokia wakanipa saa ya kuongea naye, nikangoja mupaka nikachoka nikaenda, kumbe ile ilikuwa saa ya Kinshasa, inayokaa nyuma ya yetu saa moja, na yeye aliita nyuma ya kisigino changu. Nililia. Toka pale, saa yoyote ikitoka kule, naongeza moja.

Basi mwaka huu Zawadi akapata ndege ya kurudi. Mujukuu wangu Mwamini anatumika kazi kwa ajansi ya ndege, kwenye ordinatere, ile kompyuta inayotunza saa za ndege, na ile ordinatere ilikuwa inaonyesha saa ya Kinshasa, watu wanafika mbele ya wakati, wanaungua na jua, wanamutukana mutoto wa watu. Akaipekua. Akaniambia, “Koko, ndani saa iko sawa, ni kioo njo kilikuwa kinaonyesha vibaya. Mashini haijui jina la Kindu, nimeiambia Lubumbashi. Dada yako anashuka saa tisa.”

Lubumbashi! (Na sisi tuko Kindu; sikujua kama saa ya miji hii miwili ni moja.) Nikaona mutoto amepotea kabisa, nikaongeza saa yangu moja.

Saa kumi nikaingia uwanja wa ndege na kwaya, ngoma na kitenge kipya, ndege imekwisha kuruka zamani, lakini mbele yangu nikaona mugongo mwembamba, mugongo wa Zawadi kabisa, nikaurukia, nikapiga vigelegele, ngoma ikalia, nikamufunika kitenge na kumuzungusha kama bibi arusi, mupaka akapata pumzi ya kusema, “Mama, mimi ni mufanyabiashara wa Butembo. Nimekuja kuchukua katoni zangu za sabuni.”

Kwaya ikaendelea kuimba. Hawakusikia.

Tukarudi nyumbani. Zawadi alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anakula paja la kuku wa kumupokea yeye mwenyewe. Akaniangalia polepole.

“Yaya, mukubwa wangu, siku ya fonie uliondoka mbele yangu, leo umekuja nyuma yangu. Tutapatana siku gani?”

Tulicheka mupaka tukashikilia ukuta, na machozi yakapita humo humo.

Kisha nikapanga nyumba yote mustari, nikatoa amri: saa ikitoka kwa mashini ya Mwamini, muntu asiiguse, na mukiona mimi naanza kuongeza, munifungie ndani, mwende kumupokea mugeni bila mimi.