Nilivyolala na Kona Ziwani

Jamani, kuna aibu mtu unaisimulia unacheka, halafu kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikipita mjini Sumbawanga mtu akaniita "Kapteni!" nainamia simu najifanya nasoma meseji. Naisimulia mwenyewe kwa sababu video wengi mmeshaiona, na kwenye video inaonekana kama tulikuwa tunacheza. Hatukuwa tunacheza. Nilibakiza kidogo tu nimzamishe baba mkwe wangu pamoja na kitabu chake.

Nimeendesha bodaboda miaka mingi, kijiwe cha Malangali, jina langu pale ni Spidi (nililipata kihalali, sitaki kulielezea). Mke wangu Scola alikuwa anachapa kazi za watu kwenye duka la steshenari, na baba yake, Mzee Desideri wa Mpui, katekista mstaafu, alikuwa ameandika kwa penseli hadithi za Kifipa alizosimuliwa na bibi yake, miaka nenda rudi, mpaka wenzake wakawa wanamtania kwamba atazikwa nazo. Mimi nilishachoka na pikipiki, mgongo umekwisha, baridi ya asubuhi huku kwetu mnaijua, na kila niliposhusha abiria Kasanga nilikuwa naangalia ziwa na kufikiria vile vijiji vya mwambaoni ambako barabara haifiki na watoto hawana cha kusoma zaidi ya daftari zao wenyewe. Basi tukaamua. Pikipiki iuzwe, tununue boti ya tanga, tuchapishe vitabu na kuvipeleka wenyewe kijiji kwa kijiji. Kijiweni walisema nimerogwa.

Kitabu cha kwanza kikawa cha Baba. Pikipiki yote iliishia kwenye boti na kwa wachapaji wa Mbeya, kwa hiyo zile katoni za vitabu zikipotea, basi, hakuna nyingine. Na Jumapili ya wiki ile ile ya kuzindua boti padri alikuwa amempa Baba nafasi baada ya Misa pale Mpui, asimame awaonyeshe watu kitabu chake. Alikuwa ameshapeleka koti kupigwa pasi.

Siku ya uzinduzi tukateremka Kasanga, mimi, Scola, Baba na katoni zote, na nyuma yetu msafara wa bodaboda wa kijiwe kizima wakipiga honi kana kwamba tunapeleka bibi harusi. Mpango ulikuwa mdogo sana: tupakie katoni, tupige picha boti ikiwa imefungwa, halafu Sadala, yule aliyeniuzia boti na kunifundisha, aondoke nayo kesho yake alfajiri kukiwa kumetulia, mimi nikiwa msaidizi wake. Msaidizi. Hilo neno ndilo lililoniponza.

Maana kijiweni kwetu kuna desturi, mtu akinunua chombo kipya lazima apige raundi. Unazunguka mbele ya wenzako, wanakumwagia maji, ndipo chombo kinakuwa chako. Chogo, mwenyekiti wetu, mtu wa kilo zake, akaingia botini bila kuulizwa, akakaa, akapiga kelele, "Spidi, raundi! Hatuondoki hapa bila raundi!" Ufukwe mzima ukaitikia: raundi, raundi.

Sadala akasema, "Bwana Spidi, upepo wa saa hizi si wako. Ngoja kesho."

Nikamwambia, "Raundi moja tu, Sadala, hapa hapa karibu. Wewe baki utupige picha." Nilimwambia abaki! Na majaketi ya kuokolea nikayaacha mchangani kwa sababu yangeficha suti niliyovaa. Baba alikuwa ameshakaa juu ya katoni, kofia kichwani, mikono magotini. Nikamuuliza kama atashuka.

"Wewe umenibeba miaka yote hii kwenye pikipiki hujaniangusha," akasema. "Twende."

Mwanzoni mambo yalikuwa safi. Tanga likajaa, boti ikaenda kimya (hakuna injini, hakuna moshi, nikajiona mfalme), na ile kamba inayoshikilia tanga, ambayo Sadala alinikanya nisiifunge kamwe, niishike tu mkononi, mimi nikaona mkono unauma nikaifunga kwenye ubao. Nikaifunga ile funga yetu, ya gunia la mahindi kwenye keria, ya kutoka Mpui mpaka mjini bila kulegea.

Tulipofika mbali kidogo nikataka kugeuza, na hapo hapo upepo ukaja mwingine kabisa, wa nguvu, ukaisukuma boti ikainama upande wa kulia. Sasa sikilizeni. Mkono wa usukani wa boti hauko kama usukani wa pikipiki, ukiusukuma kulia boti inakwenda kushoto, na nilikuwa nimelijua hilo wiki nzima, lakini hofu ikiingia mkono hauulizi kichwa, mkono unafanya ulichozoea. Nikazidi kuipeleka kubaya. Boti ikalala, na mimi kwa akili zangu zote za kijiweni nikapiga kelele, "Laleni na kona! Laleni na kona!"

Wakalala. Chogo na kilo zake akalala kulia, mimi nikalala kulia, na Baba, mzee wa watu, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwenye zile kona za barabara ya Mpui kwamba, Baba, nikilala na wewe lala na mimi, usishindane na pikipiki, akashika kofia yake akalala kulia vizuri kabisa, kwa utii. Wote upande ule ule boti ilikokuwa inaangukia. Maji yakaingia kama yamealikwa.

Katoni zikateleza zikatufuata. Mimi nikapoteza miguu nikaanguka, na nikaangukia mapajani kwa baba mkwe wangu, nikakaa pale kama mtoto. Nyie mnajua heshima ya mkwe kwetu. Hata kiti chake huwa sikalii.

"Samahani Baba," nikasema. Eti samahani!

Kutoka ufukweni nasikia Sadala anapiga kelele, "Legeza kamba! Legeza!" na sauti ya Scola juu ya zote ikimwita baba yake. Nikaivamia ile kamba. Imelowa, imekaza, na nimeifunga mimi, nani ataifungua? Kucha ziling'oka. Maji yalishafika magotini na upepo ulizidi kutusukuma nje, mahali ambapo rangi ya maji inageuka kuwa nyeusi. Chogo alishaanza Salamu Maria, na Chogo hajaonekana kanisani tangu ubatizo wa mwanawe. Niliogopa, jamani. Niliogopa mpaka masikio yakaziba.

Nikaangalia zile katoni zilivyojazana upande wa chini zinatuvuta, nikajua cha kufanya, na sikuweza kukifanya bila kumuuliza mwenyewe.

"Baba, katoni zinatuzamisha. Baba, naomba..."

Akaziangalia. Miaka yake yote ile ya penseli.

"Tupa, mwanangu," akasema. "Mimi sijui kuogelea." Hata mimi sikujua.

Tukatupa. Chogo anatupa, mimi natupa huku nalia kwa sauti, na Baba akasogea taratibu mpaka kwenye kamba, akatoa kwenye mfuko wa shati wembe wake wa kuchongea penseli, akaanza kukata, uzi mmoja mmoja, anavyochonga, bila haraka, mpaka kamba ikakatika na tanga likaachia likawa linapigapiga hewani. Boti ikanyanyuka. Tukakaa ndani ya maji mpaka mtumbwi wa wavuvi wenye injini ukaja kutuvuta, tukarudi kinyumenyume mbele ya kijiwe kizima, simu zote zimenyooshwa.

Katoni moja tu ndiyo haikutupwa, ilikuwa imebanwa chini ya miguu ya Chogo, imelowa chapachapa. Akina mama wa pale wakatuonea huruma, wakasogeza dagaa wao vichanjani wakatuachia nafasi, vitabu vikaanikwa. Scola alianika kurasa huku amenipa mgongo. Baba alipanda basi akiwa bado amelowa, na njia nzima ya kupanda mlima aliangalia dirishani.

Jumapili nikaenda Mpui, nikakaa benchi la mwisho kabisa. Baada ya Misa Baba akaitwa mbele. Amevaa koti, ameshika kitabu kimevimba, kurasa zimejikunja, na kinanuka dagaa mpaka kwangu nyuma. Kikaanza kupitishwa, huyu anakunja pua, yule anampa mwenzake haraka, wale wazee waliokuwa wanamtania wakaanza kuinamiana kunong'ona. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Msikishangae," Baba akasema. "Mimi nimefundisha watu hapa maisha yangu yote, na hamjawahi kuona nimeleta mbele ya altare kitu ambacho hakijabatizwa. Hiki kimebatizwa ziwani, kwa kuzamishwa. Aliyekibatiza ni mkwe wangu, yuko kule nyuma anajificha. Simama, mwanangu, wakuone."

Kanisa zima likageuka. Nikasimama, watu wakacheka mpaka padri akatoa miwani akafuta macho, halafu mzee mmoja akauliza kama vipo vingine.

Niliapa siku hiyo hiyo, pale pale nimesimama: raundi sipigi tena, hata mje kijiwe kizima na honi zenu. Sasa hivi mimi ni msaidizi wa Sadala, nakaa ninapoambiwa, kamba naishika kwa mkono hata ikinikata, na Baba nikimwomba msamaha ananiuliza kama nimeshajifunza kuogelea. Bado najifunza.