Methodi na Dirisha la Uhamiaji

Methodi alitoka Lubumbashi kumfuata mkewe Yasinta, binti wa kijiji cha Kibakwe. Wakapanga chumba mjini, mtaa wa Kikuyu, naye akaomba kibali cha ukaazi. Kila alipouliza aliambiwa ombi bado linashughulikiwa, na sasa muda wa matembezi aliogongewa kwenye pasipoti mpakani ulikuwa unakwisha kesho.

Alijua anapaswa kwenda Uhamiaji kuomba nyongeza. Lakini jirani yake Khamisi alikuwa amemsimulia habari za mtu aliyejipeleka mwenyewe namna hiyo, akaishia kurudishwa kwao. Tangu hapo hata sokoni Majengo Methodi hakukanyaga, maana akifungua mdomo tu watu humwuliza katokea wapi.

Asubuhi ile mama mkwe akapiga simu. Yasinta, aliyekwenda kwao kujifungua, ameshikwa na uchungu na anamtaka mumewe. Methodi akaona hana ujanja. Akienda Kibakwe hivihivi, muda utamwishia hukohuko. Akaenda Uhamiaji.

Dirishani alikuwapo afisa mwanamke wa makamo. Alipekua pasipoti, akamwuliza alikuwa wapi siku zote.

"Shikamoo mama. Naomba unisaidie. Bibi yangu anazaa leo."

"Bibi yako ndiye anazaa?"

"Ndiyo, mama."

Afisa akamkazia macho, akaifunga pasipoti, akaingia nayo chumba cha ndani. Methodi hakuelewa kakosea nini. Aliutazama mlango wa nje akatamani kukimbia, lakini bila pasipoti angekimbilia wapi?

Afisa akarudi na mwenzake, mwanamume mrefu, ambaye alimtaka Methodi arudie maneno yake. Akarudia.

"Anasema mke wake," yule mrefu akamweleza mwenzake. "Nilifanya kazi Kigoma. Wakongomani mke humwita bibi."

Hata hivyo afisa alichukua namba kwa Methodi, akampigia kwanza mama mkwe, akamsikiliza kwa muda, ndipo akagonga muhuri wa nyongeza.

"Huu ni muda wa kusubiri tu," alisema. "Ukaazi haujaamuliwa. Haya, nenda kwa mkeo."

Methodi alifika Kibakwe jioni, Yasinta akiwa ameshajifungua mtoto wa kike. Akampakata mtoto. Yasinta akauliza kama wamempa kibali. Akajibu bado, wamemwongezea muda.

"Na wakikunyima?"

Methodi akamfunika mtoto vizuri. Swali hilo alikuwa akijiuliza njia nzima.