Milango ya Magari ya Mbao

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Voi nikichagua nyanya, na aliyeniambia alidhani nimeshajua. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua mimi si mtu wa kulialia kwenye ukurasa huu, lakini leo mtanivumilia. Alikuwa mama mjane wa Mraru, fundi wa magari madogo ya mbao ya kuchezea, na kibanda chake kilikuwa hapa mjini, kando ya njia ya Taveta.

Nilipomfahamu nilidhani anatengeneza vitu vya watalii tu. Alikuwa na mashine ya msumeno mwembamba kama uzi, ule unaopanda na kushuka mahali pamoja huku fundi akiizungusha mbao kwa vidole. Madirisha na grili ya mbele ya lori alivitoboa kwanza, akapitisha msumeno tunduni, akakata taratibu. Milango ndiyo iliyomchosha. Aliikata kutoka bodi ile ile ili irudi mahali pake sawasawa, kisha akaitia bawaba za vipande vya ngozi. Nikamwuliza kwa nini asiichore tu kwa rangi kama mafundi wengine, maana watoto wataivunja. Akazima mashine ndipo akanieleza.

Mumewe alifia barabara kuu ya Mombasa, gari lilipopinduka. Binti yao, wakati huo mwanafunzi wa shule ya msingi, alikuwa kiti cha nyuma. Mlango ulijipinda ukakataa kufunguka, na mtoto akakaa humo na baba yake hadi watu walipokuja na vyuma. Tangu siku hiyo hakupanda gari lolote. Sekondari alikoitwa ilikuwa mbali, hakwenda. Ndugu walisema ana kiburi, na mjomba mmoja alijaribu kumsukuma garini kwa nguvu. “Huyu hajakataa shule,” mama aliniambia. “Anaogopa mlango. Wacha kwanza aone unafunguka.” Gari la kwanza la mbao alimkatia yeye. Msichana alishinda akifungua na kufunga milango. Akakua hivyo, akilima na kwenda kila mahali kwa miguu, na mama akaendelea kukata akitumaini siku moja binti atapanda gari.

Sisi wa barabara hii tumezoea ajali. Tunachanga, tunazika, na aliyetoka mzima tunamwambia amshukuru Mungu, kisha tunaenda zetu. Inaniudhi sana.

Jumamosi tulikwenda mochari kuuchukua mwili. Binti, sasa mwanamke mzima, alikuwa ametembea kutoka Mraru, viatu vimejaa vumbi. Jeneza lilipopakiwa, jamaa walimwambia kwa upole aanze kurudi, watamngoja kabla ya kuzika. Akasimama kando ya gari akiutazama mlango. Kisha akafungua mlango mwenyewe. “Mama hawezi kwenda peke yake,” akasema, akapanda, akaketi mkono wake ukiwa juu ya jeneza.

Hiyo ndiyo siku ambayo mama yule aliitaka kuliko kitu chochote duniani, na alikuwa amelala humo humo garini asiione. Nililia mbele ya watu, na sioni haya kuwaambia. Kama nyumbani kwako yupo anayeogopa jambo ambalo wewe huoni la kuogopwa, usimcheke wala usimsukume. Kaa naye, hata kama siku yake itakuja wewe hupo tena.